Mchango au rushwa? Mkulima aulize nani atalipa

Kila mwenye duka katika mji mdogo anaijua barua ile. Huletwa na mgambo au mjumbe, ina mhuri, na huanza kwa heshima zote: ndugu mfanyabiashara, unaombwa kuchangia ugeni, sherehe au mkutano. Imeandikwa kuwa mchango ni wa hiari, lakini chini kabisa kiasi kimeshawekwa. Mwenye duka anaisoma mara mbili. Anakumbuka leseni yake inakwisha mwezi ujao. Anakumbuka kwamba bwana afya hajapita bado. Anafungua droo na kutoa.

Katika mji huohuo yupo mfanyabiashara mkubwa ambaye hakuletewa barua yoyote. Yeye alimpigia simu mgombea mwenyewe. Ametoa magari mawili, mafuta ya mwezi mzima, fulana, kofia na fedha za vipaza sauti. Mwenye duka alitoa kwa woga, huyu ametoa kwa hesabu. Katika daftari la kampeni wote wawili wataandikwa kwa jina moja, wachangiaji.

Tumeona leo tulizungumzie suala hili kwa sababu wasomaji wengi wa kurasa hizi ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, na wengi wao hutuambia kuwa fedha za kampeni ni mambo ya wakubwa. Hatukubaliani nao. Gharama ya kampeni hailipwi na mgombea, wala mara nyingi hailipwi na mfadhili wake. Huzunguka, hubadilika sura, na mwisho huangukia kwenye bei ya mahindi, ya sukari, ya mbolea na kwenye kizimba cha sokoni.

Hesabu ya shilingi 20

Tuchukue mfano wa kufikirika, bila kumnyooshea mtu kidole. Mfanyabiashara anatoa Sh100 milioni kusaidia kampeni. Kwa mkulima wa ekari tatu hizo ni fedha ambazo hatazishika maisha yake yote, na anaweza kudhani mtu huyo ana moyo wa ajabu. Lakini baada ya uchaguzi mfanyabiashara huyo anapata kibali cha kuingiza tani 5,000 za bidhaa ambayo hata nchini inalimwa. Tani 5,000 ni kilo milioni tano. Akipata faida ya ziada ya Sh20 tu kwa kila kilo, Sh100 milioni zake zimerudi zote. Akipata Sh100 kwa kilo, amevuna Sh500 milioni.

Nani ataiona Sh20 kwenye kilo moja? Mama anayenunua nusu kilo dukani hataiona. Mwenye duka ataona tu kuwa bei ya jumla imepanda kidogo. Mkulima ndiye atakayeumia zaidi, maana mzigo huo ukitia nanga wakati yeye anavuna, mnunuzi aliyekuwa akimfuata shambani kwa pikipiki atazima simu. Atauza kwa bei ya kutupa ili alipe ada ya shule na deni la pembejeo. Hatajua kamwe kwamba soko lake liliuzwa siku alipopewa ile fulana.

Ndiyo maana wenye fedha hawaoni kampeni kama gharama. Kwao ni mtaji, na mtaji wenye faida kuliko kilimo, kuliko duka, kuliko hata benki. Mahali ambapo kibali, zabuni, msamaha wa kodi au hati ya ardhi inategemea sahihi ya mtu mmoja, mwenye kalamu hiyo atakuwa na marafiki wengi kila baada ya miaka mitano.

Tulikotoka

Ni vizuri tukumbuke kuwa mambo hayakuwa hivi siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Unaweza kubishana na siasa ya ujamaa, na hasara zake wakulima wanazijua vizuri. Lakini miiko ile ilichora mstari ambao hata mtoto wa shule aliuona: huku kuna uongozi, kule kuna biashara. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliilegeza miiko hiyo. Mwaka uliofuata vyama vingi vilirudi, na kila chama kikahitaji magari, mabango na mawakala. Biashara na siasa zikaanza kulala nyumba moja.

Kisha likaja neno takrima. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuweka kifungu kilichosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa kijadi, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa ni rushwa. Kwa masikio ya Mswahili jambo hilo lilionekana la kiutu. Nani asiyemkaribisha mgeni? Ila katika mila zetu mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Katika takrima za uchaguzi mambo yalipinduliwa: mgeni ndiye aliyekuja kijijini na pilau, khanga na bahasha, akamkirimu mwenyeji kwenye ua wake mwenyewe. Ukarimu wa namna hiyo ulikuwa na tarehe yake. Ulianza kampeni zilipoanza na ukakoma siku ya kura.

Sheria haikuweka kiwango. Haikusema kama sahani moja ya wali ni ukarimu na gunia ni rushwa. Mashirika matatu ya kiraia, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA, yalikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo. Aprili 2006 mahakama ilikubaliana nayo na kutamka kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na uwezo mbele ya mwenye uwezo. Lakini uamuzi ulitoka baada ya chaguzi mbili, za mwaka 2000 na 2005, kufanyika chini ya kivuli cha takrima. Sheria yenyewe ya uchaguzi imekwishabadilishwa na nyingine mwaka 2024, ila mazoea ya khanga na bahasha hayafutwi na gazeti la Serikali.

Fedha za mfadhili hutoka wapi?

Kuna jambo jingine ambalo mpigakura hulisahau. Huwa tunadhani mfadhili anatoa cha kwake. Si mara zote.

Mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi, zaidi ya Sh133 bilioni zilitoka katika akaunti ya madeni ya nje, maarufu kwa jina la EPA, ndani ya Benki Kuu ya Tanzania. Ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young ulionyesha kuwa zililipwa kwa kampuni 22, na kwamba sehemu kubwa, kiasi cha Sh90 bilioni, ilitoka kwa kampuni 13 zilizotumia nyaraka za kughushi au zisizo halali. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Kampuni iliyochukua fungu kubwa kuliko zote, karibu Sh40 bilioni, iliitwa Kagoda Agriculture. Wakulima waliona jina la kilimo tu. Jembe na mbegu hawakuviona.

Kwa miaka mingi yalitolewa madai bungeni na magazetini kuwa sehemu ya fedha hizo iliingia katika kampeni za mwaka ule. Madai hayo yalikanushwa, nasi hatuna la kuongeza hapo. Tunachotaka msomaji akione ni hiki: kama kungekuwa na orodha ya wazi ya kila mfadhili mkubwa wa kila chama kabla ya kura, madai hayo yangethibitika au yangekufa ndani ya wiki moja. Pasipo na orodha, mwenye hatia na asiye na hatia wote hubaki wamepakwa tope lilelile.

Somo la Escrow

Hakuna tukio lililoonyesha ugumu wa mstari kati ya mchango na rushwa kuliko sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Akaunti hiyo ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kuhifadhi fedha za umeme wakati TANESCO na kampuni ya IPTL zikiwa na mgogoro. Zaidi ya Sh300 bilioni zilikuja kutolewa, na mwaka 2014 Bunge liliwaka moto. Ilibainika kuwa kampuni ya VIP, iliyokuwa imeuza hisa zake katika IPTL, iliingiza fedha kwenye akaunti za watu kadhaa: wanasiasa, watumishi wa umma, hata viongozi wa dini.

Aliyekuwa Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, aliingiziwa Sh1.6 bilioni. Alieleza kuwa ni mchango kwa ajili ya shule ya wasichana aliyoshiriki kuianzisha. Desemba 2014 Rais Kikwete alimwondoa katika uwaziri. Miaka mitatu baadaye, Julai 2017, mbunge na waziri wa zamani wa Nishati na Madini, William Ngeleja, alirudisha serikalini Sh40.4 milioni alizopokea. Alisema alizichukua kama msaada, tena akazilipia kodi, bila kujua kwamba zingekuja kuhusishwa na kashfa.

Hatusemi kuwa fedha hizo zilikuwa rushwa. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini tukio hili linatufundisha kwamba kazi nzuri inayofanywa na fedha haitoshi kuitakasa. Shule ni jambo jema. Kisima ni jambo jema. Zahanati ni jambo jema. Hata hivyo aliyetoa kisima bado anaweza kuwa ana faili mezani kwa aliyepokea, na siku faili hilo litakapofunguliwa, kisima kitakuwa kimekaa kiti cha mbele.

Mstari uko wapi?

Wapo wanaosema mstari hauonekani, kwa hiyo tuache. Sisi tunaamini unaonekana, ila unatazamwa mahali pasipo. Watu hutazama ukubwa wa fedha: kidogo ni chai, nyingi ni rushwa. Huo si mstari. Sh5,000 za kumfanya karani alisogeze faili lako mbele ya mwenzako ni rushwa, na Sh5 milioni zilizotolewa hadharani na mtu asiyetaka kitu ni mchango. Tunapendekeza maswali matatu ambayo mkulima yeyote anaweza kuyauliza.

La kwanza: je, mtoaji ana shauri mbele ya mpokeaji? Anasubiri kibali, zabuni, leseni, kiwanja au kesi? Kama analo, fedha yake haiwezi kuwa safi hata ikifungwa kwa utepe.

La pili: je, anayetoa na anayepokea wangekubali tuwasomee mkutanoni kiasi na jina? Mchango wa msikitini au kanisani hutangazwa, na mtoaji hufurahi. Kinachotolewa usiku na kukanushwa asubuhi kina jina lake.

La tatu: je, mtoaji angeweza kukataa bila kuumia? Swali hili linamhusu mwenye duka wetu wa mwanzo. Mchango usioweza kukataliwa ni ushuru usio na stakabadhi. Mwenye duka si mtoa rushwa hapo, ni mtu aliyekamuliwa, na sheria inapaswa kumlinda.

Sheria hatuzikosi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilipotungwa ilimtaka kiongozi atangaze kila zawadi inayozidi Sh50,000. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamwadhibu anayetoa na anayepokea. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ilipoanza ilivitaka vyama vimwarifu Msajili wa Vyama vya Siasa kila mchango unaozidi Sh1 milioni kutoka kwa mtu binafsi na Sh2 milioni kutoka kwa taasisi. Kasoro tunayoiona ni kwamba taarifa humfikia Msajili, lakini mpigakura huingia kituoni bila kujua nani amelipia mabango aliyoyapita njiani.

Mwaka 2025 tuliona njia mbili za kuchangisha. Mapema mwaka huo Chadema ilianzisha kampeni ya Tone Tone kuomba michango midogo kwa wafuasi wake. Agosti CCM iliitisha harambee jijini Dar es Salaam ikilenga Sh100 bilioni, na wafanyabiashara wakubwa walijitokeza hadharani. Kutoa hadharani ni hatua nzuri kuliko kutoa gizani. Lakini uwazi unajibu swali letu la pili tu. Swali la kwanza linabaki: kati ya waliotoa, nani ana mkataba na Serikali, na nani anausubiri? Swali hilo si tusi kwa chama chochote, kwa sababu linaihusu kila harambee ya kila chama, iwe Dodoma au kwenye kata.

Wenzetu nao hawajamaliza. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini utekelezaji wake uliahirishwa, na ukomo uliotangazwa mwaka 2021 ukakataliwa na wabunge haohao ambao ungewabana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, iliamua kuwa kampuni haiwezi kutoa mchango wa kisiasa mpaka wanahisa waidhinishe, na michango mikubwa hutangazwa kwa umma. Wazo la wanahisa ni zuri, na tunalo la kuliiga hapa nyumbani.

Ushirika si pochi ya mtu

Wanahisa wa kwetu ni wanachama wa ushirika. Chukulia chama cha msingi, AMCOS, kinachokusanya tani 500 za mazao kwa msimu. Tani 500 ni kilo 500,000. Makato ya Sh10 kwa kilo yakiwekwa chini ya jina la "maendeleo" au "mengineyo", ni Sh5 milioni. Mkulima mmoja mwenye kilo 300 amekatwa Sh3,000 tu, hivyo hapigi kelele. Lakini Sh5 milioni ni fedha ya kuandaa chakula cha mapokezi, kununua zawadi kwa mheshimiwa na kujaza mafuta ya msafara. Mwenyekiti wa chama akimkabidhi mgeni zawadi hiyo, anayeshukuriwa ni mwenyekiti. Anayekuja kupata upendeleo wa kuwa wakala wa pembejeo pia huenda akawa mwenyekiti. Aliyelipa yuko shambani.

Kwa hiyo tunawashauri wanachama: katika mkutano mkuu ujao ombeni karatasi ya makato, msome mstari mmoja mmoja, na pale penye neno "mengineyo" simameni muulize. Azimieni kuwa hakuna shilingi ya ushirika itakayokwenda kwa chama cha siasa, mgombea au mgeni wa kisiasa bila kura ya wanachama, na mliandike katika muhtasari. Wakaguzi wa COASCO wanapokuja, waonyesheni muhtasari huo. Vyama vya wafanyabiashara wa masoko na SACCOS vifanye vivyo hivyo.

Kwa Serikali na Bunge tuna maombi matatu. Orodha ya wafadhili wakubwa wa vyama na wagombea itangazwe kwa umma kabla ya siku ya kura. Kampuni yenye zabuni, kibali au mgogoro wa kodi na Serikali isiruhusiwe kuchangia kampeni mpaka shauri lake limalizike. Na barua za michango kwa wenye maduka zipigwe marufuku kutumia mhuri wa ofisi ya umma, maana mhuri ndio unaogeuza ombi kuwa amri.

Kwa wafanyabiashara wakubwa tunasema kuwa njia hii haiwafai hata wao. Aliyenunua upendeleo kwa Sh100 milioni leo atashindwa kesho na atakayetoa Sh200 milioni, na mwenye kiwanda atajikuta analisha wanasiasa badala ya kukarabati mashine.

Nasi tujitazame

Hatutakuwa wakweli tukimaliza kwa kuwalaumu wakubwa peke yao. Mgombea akifika kijijini bila kitu, ni sisi tunaonong'ona kuwa ni bahili. Mbunge akirudi jimboni tunampangia foleni mlangoni: huyu ana msiba, yule ana harusi, wale wanataka jezi. Mshahara wake hautoshi yote hayo, na tunajua hautoshi. Tunapomlazimisha atoe asichonacho, tunamtuma kwa mwenye nacho. Huko atapewa, na huko atafungwa. Wazee walisema mla cha mwenzake na chake huliwa.

Kazi ya diwani na mbunge ni kusimamia barabara ya kwenda shambani ipitike, mbolea ifike kabla ya mvua, mzani wa mnunuzi usiibe na ushuru wa mazao uwe wa haki. Barabara ikipitika mwaka mzima, gunia moja litampa mkulima zaidi ya khanga zote za kampeni. Mfuko wa chumvi na kilo ya sukari huisha kabla matokeo hayajatangazwa, ila mkataba uliosainiwa kwa ajili yake unadumu miaka mitano.

Safari ijayo atakapokuja mgombea na zawadi, aulizwe mbele ya watu kwa adabu na bila matusi: ndugu yetu, tunashukuru, hii imetoka kwa nani, na yeye anataka nini? Akijibu, tumsikilize. Akikasirika, naye atakuwa ametujibu. Na aliyeombwa rushwa, au aliyeona inagawiwa, simu ya TAKUKURU namba 113 haitozwi kitu.